MUUAJI ALIYEKUWA MSOMAJI WA QUR'AN



Ndugu zangu, juzi baada ya Isha hapa Ngerengere niliwakuta vijana wa darasa barazani, vichwa vyote kwenye simu moja. Wanatazama Seven, ile filamu ya Kimarekani ya mwaka 1995, DJ kaitafsiri Kiswahili. Wapelelezi wawili wanamsaka mtu anayeua watu kwa madhambi yao, huyu kwa ulafi, yule kwa uvivu, na anaamini Mungu kamtuma. Kijana mmoja akaniambia, "Sheikh, Wazungu wana mambo! Kwetu haya hayapo."

Nikamuuliza, Shakahola iko Ulaya? Ni msitu wa Kilifi, hapo Kenya. Tangu Aprili 2023 wapelelezi wamefukua miili zaidi ya 400, watoto wamo, wengi wamekufa kwa njaa. Mhubiri Paul Mackenzie anashitakiwa kwamba aliwaambia wafuasi wafunge mpaka wafe wakakutane na Yesu. Yeye amekana. Mwingine akadakia, "Hao si Wakristo, Sheikh?"

Hapo nikavuta mkeka nikakaa. Maana na sisi tunaye Abdurrahman bin Muljam. Mwaka wa 40 Hijria, ndani ya Ramadhani, alfajiri, msikitini Kufa, alimpiga Sayyidna Ali, radhi za Allah ziwe juu yake, kwa upanga uliotiwa sumu. Mlevi? Jambazi? Wanahistoria wetu wanamtaja kuwa msomaji wa Qur'an! Mpelelezi hakuhitajika, alikamatwa palepale. La kupeleleza ni njia iliyomfikisha pale, nayo ilianza na neno tu. Baada ya Siffin, Makhawariji walimwita Ali kafiri kwa kukubali waamuzi. Ukishamwita mtu hivyo, damu yake inakuwa nyepesi machoni pako. Na Ali mwenyewe, akiwa kitandani na jeraha, imepokewa aliusia kwamba akifa, kisasi kiishie kwa huyo mmoja, asikatwekatwe, wala asiguswe mwingine.

Nayaandika haya kwa sababu ya mama mmoja aliyenifuata, na amenipa ruhusa niseme bila jina. Mwanawe amekataa kula kuku aliyechinjwa na baba yake mzazi. Eti baba ni kafiri kwa kuwa anahudhuria maulidi. Anajipikia peke yake, na salamu ya baba haitikii. Walimu wake wote wako kwenye simu.

Nimemwita kijana huyo. Mjadala wa maulidi una mahali pake, siuanzi. Nitamuuliza tu: huyo aliyekufundisha kumkufurisha baba yako unamjua uso? Alisoma kwa nani? Yeye kwao anakula na nani? (Nawe unayenisoma hapa, niulize mimi hayo hayo, sitakasirika.)

Ameahidi kuja Ijumaa baada ya sala. Baba yake nimemwambia asiache kumtengea sahani.