Makaburi ya Sanga na Hadithi ya Mbidi Kiluwe

Mu masomo tulifundishwa piramidi za Misri, tukafundishwa Roma na Ugiriki, na majina ya wafalme wa Ubelgiji tuliyajua kwa kichwa. Juu ya ziwa Kisale tulijua kitu kimoja tu: samaki wake ni wazuri, na wanafika Lubumbashi wakiwa wamekaushwa. Kumbe kando ya ziwa lile, pale Sanga, wazee wetu walizikana kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kila muzee alizikwa na vitu vyake.

Tuseme kwa ufupi namna ilivyojulikana. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba pale Sanga, na mwaka 1958 akaendelea pamoja na Jean Hiernaux. Mwaka 1959 Hiernaux alichimba Katoto, upande wa Bukama. Kisha mwaka 1974 Pierre de Maret akarudia Sanga, na mwaka uliofuata akachimba pia fasi zingine za bonde lile la Lualaba, kama vile Kamilamba, Katongo na Malemba-Nkulu. Mukaa na mifupa vilipopimwa, ikaonekana kama watu wa chuma na vyungu waliishi pale tangu karne ya 5 hivi, na kizazi kilifuata kizazi mpaka karibu na wakati wa mababu ambao tunawajua kwa majina.

Vitu vilivyotoka mu udongo ule vinasema sana. Kuko ndoana na mikuki ya kuvulia samaki, kwa hiyo ziwa lilikuwa tayari shamba lao. Kuko vyungu vingi, vya mikono myembamba na midomo ya kumiminia, kazi ya watu wenye kuwa na nafasi ya kutafuta uzuri. Tena tuangalie hii: mu makaburi ya karne ya 11 hadi 13, mutoto mudogo aliwekewa vyungu vidogo, na mukubwa vyungu vikubwa. Mama mwenye kufiwa na mutoto alipelekewa mufinyanzi wa kumufanyizia kachungu kadogo, ao alikafanyiza yeye mwenyewe. Hatuwezi kupita hapo mbiombio. Watu wenye kuzika mutoto hivi hawakuwa «watu bila historia», namna vitabu fulani vya wakati wa ukoloni vilivyoandika.

Kuko shaba vilevile: bangili, mikufu, mikaba. Shaba haitoki ziwani, inatoka kusini, kule kwenye machimbo, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Kisha, tangu karne ya 13 ao ya 14, ikaingia misalaba ya shaba mu makaburi. Kwanza mikubwa, inawekwa moja kwa maiti. Kadiri miaka inavyopita misalaba inakuwa midogo, mingi, yenye kufanana, imefungwa pamoja karibu na mikono ya maiti. Njo pale watu wa elimu wanasema: hii imekuwa feza. Mutu alizikwa na feza yake mu mukono. Musalaba ule ule uliwekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963, na wengi waliopeperusha bendera ile hawakujua ni wa umri gani.

Sasa tufike kwenye neno lenye kutugawa sisi wenyewe mu mikutano yetu. Wazee wetu wanasimulia kama zamani Nkongolo Mwamba alitawala kwa ukali, bila adabu, anakula mbele ya watu. Kisha akafika muwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwenye kujificha wakati wa kula. Akazaa na dada ya Nkongolo, akazaliwa Kalala Ilunga, na huyo njo akaleta ufalme wa kweli. Wengine wanaongeza: wageni wale walileta hata ufundi wa chuma. Lakini mu udongo haionekani fasi ambapo watu wa zamani wanakatika na wapya wanaanza. Vyungu vinabadilika polepole, namna lugha inavyobadilika kati ya babu na mujukuu.

Je, wazee walidanganya? Sisi tunasema hapana. Hadithi ya Mbidi haikuwekwa ili kuhesabu miaka. Inafundisha mufalme anapaswa kuwa mutu wa namna gani: akule kwa siri, asijionyeshe, atawale kwa heshima. Tena mashariki si neno la bure. Mu makaburi ya Sanga walikuta kauri, zile konokono ndogo za Bahari ya Hindi. Zilipita mikono mingapi mpaka kufika Kisale! Hakuna mwenye kuthubutu kusema Mbidi njo alizibeba, lakini njia ya mashariki ilikuwa wazi mbele ya ufalme.

Kwa habari ya chuma, tunashika udongo. Mu kaburi moja la zamani sana, la kati ya karne ya 8 na ya 10, maiti alilazwa na nyundo nzito ya mufua chuma, ile yenye kutumika pia kama fuawe, pamoja na shoka la heshima. Ni karne nyingi mbele ya wafalme wa hadithi. Na kwa Waluba, kupiga nyundo ilikuwa sehemu ya kumusimika mufalme, na vyombo vya mufua chuma vilikuwa alama ya utawala.

Kuko wenzetu wanaosema kufukua wafu ni kosa, hata kwa elimu, na tunawaelewa. Mababu wale hawakuombwa ruhusa. Muzee mumoja kati yetu anajibu namna ingine. Yeye anauliza: kama nyundo ilikuwa tayari kaburini, nani alimufundisha mufua chuma yule, na jina lake lilikuwa nani? Swali hilo limeandikwa kwanza kwenye karatasi ya mukutano wetu ujao.