Kifuniko Kimoja

Maua ya pilipili yalikuwa yanadondoka kabla ya kushika matunda. Mimi, niliyetoka Nairobi na simu iliyojaa video za kilimo, nikamwambia Mama kwamba huenda ni boroni: mvua ya hapa Kebirigo ni nyingi, huiosha ikazama mizizi isikofika. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye pampu. Maelezo ya chupa yalisema kifuniko kimoja kwa lita 20. Nikatia vitatu, maana karo ya mdogo wangu ilikuwa inangoja mavuno hayo.

Baada ya wiki moja, kingo za majani zikawa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Boroni ikipungua, maua hayashiki. Ikizidi, ni sumu.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe mboga zako huwa unatia chumvi kiasi gani?"

Mistari miwili sikuwa nimeifikia. Tuliipulizia jioni, jua likiwa limepoa ili matone yasikauke haraka. Kifuniko kimoja. Hiyo ikazaa.

Karo tulilipa nusu. Iliyobaki bado naituma kidogo kidogo kwa M-Pesa.