Viungo vya Bomba Visizikwe Ukutani

Sisi twakaa Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake pana chumba kidogo cha kufulia nguo. Mabomba yake yalikuwa yametambaa juu ya ukuta, kila aingiaye huyaona. Arusi ya binti yetu ilipokaribia tuliona haya mbele ya wakwe. Tukamwamuru fundi bomba ayazike yote, viungo pamoja na valvu ya kufungia maji, kisha apige lipu.

Fundi alitushauri tuache kijimlango. Tukakataa. Naye, kwa kuwa zamani alisoma juzuu miguuni petu, kwa adabu hakurudia neno.

Arusi ikapita, tukasifiwa. Baada ya miezi michache ukuta wa chumba cha pili, tusomeshamo watoto, ukaanza kuota ukungu. Tulidhani ni baridi ya kwetu. Hata siku moja tukashusha misahafu rafuni, tukakuta kurasa zimegandamana kwa maji. Watoto walitutazama, nasi hatukuwa na la kusema.

Fundi yule alirudi. Akafunga koki zote za nyumba, akatuonyesha mita: ingali yazunguka. Alipobomoa lipu, maji yalikuwa yakichuruzika kwenye elbo, uzi mwembamba tu.

Basi yatupasa tujue haya. Bomba lisilo na kiungo laweza kufichwa ukutani. Bali penye kiungo ndipo aghalabu pavujapo. Kabla ya kupiga lipu, bomba lijazwe maji, likae usiku kucha, na asubuhi kila kiungo kipapaswe kwa mkono mkavu. Njia ya bomba ichorwe au ipigwe picha, asije mtu akapigilia msumari juu yake. Na viungo na valvu viwekwe nyuma ya mlango wa mbao ufunguliwao bila nyundo.

Leo chumba chetu kina kabati la namna hiyo. Chapendeza, na mkono wafika ndani. Misahafu ile haikurudi hali yake. Siku kabati lilipokwisha tulimwita fundi mbele ya watoto, tukamwomba radhi, tukawaambia: ajuaye kazi na aseme, hata kama amwambiaye ni mwalimu wake.