Robota la Kasekera

Miaka mingi sikutaka mtu ajue kwamba nilianza maisha nikiwa kuli bandarini Itungi. Nilipoingia kazi ya kuwatembeza wageni Matema, mtu akiniuliza ya zamani nilijibu "bandarini" tu, kisha namwonyesha Milima ya Livingstone ilivyosimama juu ya maji na kumsimulia habari za Daktari Livingstone. Daktari mwenyewe hakuwahi kufika ncha hii ya Ziwa Nyasa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ipinda ndiye aliyenigeuza, tukisubiri gari. Alinieleza kwamba Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, mmoja wa watu wake, Jacob Wainwright, aliandika orodha ya vitu vilivyokutwa masandukuni. Aliyewahi kubeba shehena anaelewa uzito wa jambo hilo: tajiri akifia njiani, mizigo huyeyuka usiku uleule. Madaftari na vyombo vya kupimia havikuyeyuka. Mwili wapagazi wake waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga ndani ya gome la mti. Karibu na Tabora, Luteni Cameron, Mwingereza waliyekutana naye, akawashauri wauzike hapohapo. Chuma na Susi, waliowaongoza wapagazi, wakakataa.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wapagazi wakafunga mabua mfano wa maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo kama wanaokwenda kuzika, na mwili halisi wakaufunga upya, ukawa kama robota la nguo. Nilicheka hadi watu wakanitazama. Huo ni ujanja wa kuli! Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Mwalimu akasema si huku tu ambako vitu na habari za msafiri hubaki mikononi mwa watu wasiotajwa: hata barafuni huko kaskazini, ambako msafiri Mwingereza Franklin alipotea na meli mbili zilizoondoka Uingereza mwaka 1845, Wainuiti ndio waliokuwa na vijiko na uma za mabaharia wake. Vitu hivyo walimuuzia msafiri John Rae mwaka 1854 na kumweleza yaliyowapata wale watu. London wengine hawakuwasadiki.

Chuma yuleyule alifika huku kwetu, Septemba 1879, akiwa kiongozi wa wapagazi wa msafara mwingine. Mkuu wa msafara huo, Keith Johnston, alikuwa amefia Behobeho, na aliyeshika nafasi yake, Joseph Thomson, alikuwa kijana wa miaka 21. Hakuna mlima hapa wenye jina la Chuma.

Siku hizi mgeni akiuliza, namwambia nilikuwa kuli, kisha naanzia Kasekera. Wapo waliokuja kwa ajili ya Daktari tu. Hao hunipa bakshishi ndogo.