Juu ya Black Coffee na wale wanaosema ametuacha



Mu dortwari ya wavulana iko mabishano ambayo hayaishi hata taa zikizimwa, nayo ni juu ya mtu asiyetujua hata kidogo: Black Coffee, DJ wa Afrika ya Kusini. Wamoja wanasema ni fahari ya bara letu. Wengine, tena wale waliompenda mbele ya wote, wanasema: "Ule hayiko tena wetu. Bazungu bamemukamata." Nimesikia pande zote mbili siku nyingi, leo nataka kusema yangu.

Kwanza nieleze kwa wale wasiomjua (Bwana Prefe atanisamehe kuleta habari za dansi katika gazeti la shule ya kanisa). Jina lake ni Nkosinathi Maphumulo. Alizaliwa mwaka 1976 katika Umlazi, karibu na Durban, akakomea Mthatha. Usiku wa tarehe 11 Februari 1990, watu walipokuwa barabarani wakifurahi kwa sababu Mandela amefunguliwa, motokari iliingia katika kundi ikamjeruhi. Alikuwa hajatimiza miaka 14. Tangu siku ile mkono wake wa kushoto haufanyi kazi.

Sasa fikiri kazi ya DJ. Disiki mbili zinazunguka, na katikati iko mashini ya kuchanganya. Moja inasikiwa na watu wote, ya pili anaisikia yeye peke yake masikioni. Anapaswa kuongeza ao kupunguza mwendo mpaka ngoma za pande mbili zipige pamoja, mapigo 120 hivi kwa dakika, kisha aingize ya pili bila mtu kujua zimeungana fasi gani. Wenye mikono miwili wanashindwa. Yeye anaifanya na mmoja. Mwaka 2010 alipiga muziki kwa saa 60 katika Maponya Mall kule Soweto, akipumzika kidogo kidogo tu. Kwa hiyo mtu akiniambia eti amefika kwa bahati, mimi sitajibu hata neno.

Muziki wake ni hausi, ule ulioanza Chicago miaka ya 1980. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2005, na ndani yake aliutengeneza upya "Stimela" wa Hugh Masekela, wimbo wa gari la moshi lililopeleka watu kwenye migodi ya Afrika ya Kusini. Sisi tulio na babu waliochimba shaba hatuhitaji kuelezwa maana yake. Kisha akapanda. Mwaka 2021 akatoa albamu "Subconsciously", na ndani yake wamo Pharrell Williams, Usher na David Guetta. Tarehe 3 Aprili 2022, mu Las Vegas, albamu hiyo ikapata zawadi ya Grammy katika fungu la dansi na elektroniki. Oktoba 2023 akapiga katika Madison Square Garden, New York.

Njo hapo wapenzi wa zamani walikasirika. Hasira yao, nikiitazama, haiko moja.

Sehemu yake ni wivu tu. Mtu alikuwa na kitu chake cha siri, anakijua yeye na rafiki zake wane, anajiona mwerevu. Siku moja anasikia mtoto wa darasa la kwanza anakiimba kwenye bomba la maji, na tangu saa ile kitu kimeharibika. Lakini wimbo haukubadilika, hata pigo moja! Inanikumbusha yule mwana mkubwa katika Luka 15, aliyesikia ngoma na michezo nyumbani akakataa kuingia. (Mfano huu hautoshi sana, maana yule alikasirika juu ya mdogo wake, si juu ya wapiga ngoma. Lakini sura ni ile ile.)

Sehemu nyingine si wivu, na mimi naikubali. Nyimbo zenyewe zimegeuka. Wimbo wa DJ unaanza na ngoma peke yake kwa muda mrefu, na unaisha hivyo hivyo, kusudi DJ mwingine apate fasi ya kuunganisha. Njo maana unaweza kufika dakika saba ao zaidi. Radio haitaki hayo. Radio inataka sauti ya mwimbaji upesi, na yote yaishe kwa dakika tatu ao ine. Anayesema kwamba katika "Subconsciously" ngoma imerudi nyuma na waimbaji wamekaa mbele, anasema kitu anachosikia na masikio yake.

Wakubwa wetu walikwisha kuyaona haya. Papa Wemba alipoanza kutoa albamu kwa Real World ya Peter Gabriel kule Uingereza, miaka ya 1990, alikuwa na muziki wa kuwapa watu wa ngambo, na Viva la Musica kwa watu wa Kinshasa. Vyungu viwili, mupishi mumoja. Sijui kama Black Coffee angeweza hivyo, maana DJ hana orkestra ya kuacha nyumbani.

Lakini jambo linalonichoma mimi, katika mabishano yetu hakuna anayelitaja. Mwaka 2009 Black Coffee alitoa "Superman", na mwenye kuimba ni Bucie, binti wa Afrika ya Kusini. Wimbo ule ulichezwa kila fasi kwao. Mwaka 2017 Drake akauchukua akautengeneza upya katika "More Life", akauita "Get It Together". Jina la Black Coffee limo. Sauti ya Bucie haimo. Anayeimba ni Jorja Smith wa Uingereza. Anaimba vizuri, sikatai. Na sisemi juu ya feza, nasema juu ya sauti. Dunia nzima ikacheza wimbo ule, na aliyeuimba kwanza hakusikiwa. Tunapiga makelele kwamba watu wengi wanampenda DJ wetu, na yule dada hatumulizi hata kidogo.

Yaya mmoja wa mwaka wa sita aliniuliza: "Basi ulitaka abakie paka Soweto?" Hapana. Aende New York, aende Las Vegas, apewe na zawadi zingine. Nilitaka Bucie naye apande mu ile ndege.

Wenye kunipinga waandike kwa namba inayofuata. Karatasi zipewe mwalimu wa Kifaransa mbele ya siku ya tano, na mwandiko usomeke, kwa maana wanaopiga stensili wamechoka na sisi.