Mlango wa Maji, Ngomeni

Mjukuu wangu, aliyesoma hadi chuo kikuu na asiyekosa jibu kwa jambo lolote, alisimama nami juu ya tuta lililobomoka kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akayatazama madimbwi mapana yaliyoanza kurejewa na mikoko, kisha akaniuliza: "Babu, hapa palikuwa pakivunwa chumvi?" Si kosa lake, kwani mashamba ya chumvi ya Gongoni hayako mbali, na tope likishakauka halisemi lilimlisha nani, walakini niliona uchungu, kama mtu anayeambiwa kuwa nyumba aliyozaliwa ilikuwa banda la mbuzi.

Hapa palifugwa kamba. Kazi ilianza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa mwaka 1978. Daftari langu limeandikwa 1979, ambao pengine ndio mwaka nilioajiriwa mimi, na jirani yangu ashikilia kuwa kazi ilianza mwaka ule aliofariki Mzee Kenyatta. Basi na iwe huo.

Niliajiriwa karani wa vipimo, nikawekwa pamoja na mzee mmoja wa Kibajuni ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Ami. Kazi yake ilikuwa mlango. Nao haukuwa mlango wa bawaba, bali koo la saruji lililokata tuta, lenye mifuo miwili miwili ubavuni, ambamo mbao zilipachikwa moja juu ya moja, na mbele yake wavu wa matundu madogo wa kuwazuia samaki walao kamba. Ami aliketi juu ya ukuta ule, kikoi amekikunja magotini, tumbaku shavuni, akisubiri bahari. Maana maji mapya yaliingia wakati wa bamvua tu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku za maji mafu bahari ilibaki chini ya kizingiti, ukiufungua mlango wayapoteza uliyo nayo. Aghalabu aling'oa ubao wa chini, ili yatoke maji mazito yaliyolalia tope, yenye harufu ya yai viza. Lakini masika, mvua ikishanyesha usiku kucha, aling'oa ule wa juu, kwa kuwa maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi, na kamba hayawafai yakizidi. Harufu ile ningali nayo puani. Ami aliinama juu ya mlango akaivuta kama mpishi afunuaye chungu, akajua la kufanya kabla sijakitoa kipimo changu mkobani.

Kipimo nacho kilikuwa na haki yake. Kilinionyesha kuwa ule ukijani wa majini, ambao mchana hutoa oksijeni kwa nguvu za jua, usiku huivuta yenyewe, pamoja na kamba na uozo wote wa chini, hata bwawa lililokuwa na miligramu 8 kwa lita alasiri likawa na 3 karibu na alfajiri. Chini ya hapo kamba hutaabika.

Basi ikatokea juma moja la maji mafu, mawingu siku tatu, upepo hakuna, na Ami akaitwa mazikoni Mambrui. Aliniusia: "Leo usiwape chakula, na saa tisa za usiku ushuke na tochi ukawatazame pembeni." Mimi, kijana mwenye daftari, niliwapa chakula kama ratiba ilivyosema, nikapima magharibi, nikapata 7, nikaiandika kwa hati nzuri nikalala. Alfajiri niliwakuta wamejipanga ukingoni mwa bwawa, ndevu juu ya maji, hawashtuki hata nikiwagusa, na yangeyange wameshaanza karamu. Tuliyapiga maji kwa makasia na makarai hadi jua lilipopanda. Waliokufa tuliwachota kwa vikapu.

Ami aliporudi hakunigombeza. Alilichukua daftari, naye hajui kusoma, akaligeuza juu chini, akanirudishia. "Hapa magharibi umepima shibe," akasema. "Njaa nenda kaipime alfajiri."

Yaliyofuata hayana urefu. Ami alifariki, kazi ikasimama, mvua zikamega matuta, nami nikahamia Mombasa kufuata mshahara. Mjukuu wangu anieleza kuwa siku hizi kuna magurudumu ya stima yatibuayo maji usiku kucha, na kipimo kinachopeleka habari kwenye simu ya mwenye bwawa akiwa kitandani. Nikamwuliza, stima ikikatika? Akasema ipo jenereta. Na mafuta yakiisha? Akacheka, na mimi nikaghadhibika, maana kizazi hiki kinacheka pale panapotakiwa jawabu. Ingawa, nikisema kweli, gurudumu moja kama hilo usiku ule lingeniondolea aibu ambayo sikumsimulia.

Tukashuka mlangoni. Mbao zilikwisha kuibwa zamani, chaza wameota ndani ya mifuo, nikakitia kidole gumba katika mfuo mmoja. "Babu, kwa nini iko miwili miwili?" Nikaanza kumweleza habari ya ubao wa chini na ubao wa juu. Bamvua lilikuwa likianza. Maji yaliingia kwa pale tuta lilipobomoka, yakaupita mlango pembeni.