Kikopo cha Shangazi Mjini Utrecht



Mwezi uliopita tulipanda gari moshi hadi Utrecht, Uholanzi, tukichukua kikopo cha sarafu kuukuu alizotuachia marehemu shangazi yetu, aliyeishi nchi hiyo miaka mingi. Sonara mmoja alikuwa ametutajia bei moja kwa kila guldeni. Kabla ya kukubali, tulipita Leidseweg kulitazama jengo la 1911 zilimofuliwa sarafu za taifa hilo.

Tuliketi kando ya mfereji, tukazipanga kwa miaka. Zote zilikuwa guldeni moja moja, lakini hazikuwa sawa. Ile ya Malkia Wilhelmina ya 1914 ina gramu 10, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 945 ni fedha halisi. Ya 1929 ina uzito huo huo, ila fedha yake ni sehemu 720. Ya Malkia Juliana ya 1956 ina kiwango hicho cha 720, lakini uzito wake ni gramu 6.5 tu. Hivyo ya kwanza imebeba fedha maradufu ya hiyo ya mwisho!

Kosa lilikuwa letu pia. Ile ya 1914 tulikwisha kuisugua kwa majivu ing'ae, kumbe wakusanyaji huithamini zaidi isiyosuguliwa.

Hatukuuza. Enyi wenye vikopo kama hivi, someni mwaka, pimeni kwa mizani, andikeni, wala msisugue. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.